Rangi Ilikwenda Wapi? Kisa cha Printa ya Mwalimu wa Tuisheni, Tabora

Katika muhula mmoja wa masomo, mwalimu mstaafu anayeishi Cheyo, Tabora mjini, alinunua katriji (vikasha vya wino) mbili za rangi kwa ajili ya printa yake ya nyumbani. Muhula huohuo hakuchapa chochote cha rangi. Kazi yake ni mitihani ya majaribio ya watoto wa darasa la nne na la saba wanaokuja barazani kwake jioni kwa tuisheni, na mitihani hiyo ni nyeusi tupu: maswali, mistari ya kujibia, mara mojamoja pembetatu au ramani ya Tanzania. Alipoleta printa tuiangalie alikuwa na swali moja tu: rangi imekwenda wapi?

Swali lake ni zuri kuliko lile tulilozoea la "mbona wino ghali?" Bei ya katriji kila mtu anaiona dukani, na anayelipa anajua amelipa. Kinachomaliza pesa kimyakimya ni wino uliokwisha lipiwa lakini haukufika kwenye karatasi. Huo hauandikwi kwenye risiti yoyote, na kadiri nyumba inavyochapa kidogo ndivyo unavyokula sehemu kubwa zaidi ya kila katriji.

Daftari na ripoti

Bahati nzuri Mwalimu ni mtu wa kuandika. Miaka ya ubaoni imemwachia tabia ya kuweka kila shilingi kwenye daftari, matumizi kwa kalamu nyekundu, mapato kwa bluu. Printa aliinunua mwanzoni mwa Julai, shule zilipofunguliwa, kwa shilingi 165,000. Ni ile ndogo inayochapa, kutoa kopi na kuskani, na ndani ya boksi zilikuwamo katriji mbili, nyeusi moja na ya rangi moja. Muuzaji alimhakikishia: "Mama, ukiwa na hii, foleni za steshenari utazisahau." Kuanzia hapo hadi shule zilipofungwa Desemba, kalamu nyekundu inaonyesha katriji nyeusi nne za shilingi 45,000 na za rangi mbili za shilingi 55,000. Jumla ni 290,000, karatasi mbali.

Daftari halikuwa na idadi ya kurasa, lakini printa ilikuwa nayo. Printa nyingi za sasa, ukibonyeza vitufe vyake kwa namna iliyoelezwa kwenye kijitabu au ukiingia kwenye programu yake ya kompyuta, hutoa ripoti ya hali yake, na mstari mmoja wa ripoti hiyo ni jumla ya kurasa ilizochapa. Hii ilisema 312.

Ukigawanya unapata kama shilingi 930 kwa ukurasa, kwa wino peke yake. Bado hatujagusa bei ya mashine, wala rimu ya karatasi. Steshenari ya jirani inatoa kopi kwa shilingi 100.

Nyeusi yenyewe inashangaza pia. Katriji nyeusi ya printa hii imekadiriwa kurasa 120. Mwalimu alitumia tano, ukihesabu ile iliyokuja na boksi, na ya mwisho ilikuwa imebaki robo. Kwa makadirio ya kiwanda alitakiwa kupata kurasa 570 hivi. Akapata 312. Na hata makadirio hayo yangetimia, shilingi 45,000 kwa kurasa 120 ni shilingi 375 kwa ukurasa, karibu mara nne ya kopi. Hesabu hiyo ya darasa la nne ingetosha kuiacha printa rafuni, ila muuzaji hana sababu ya kuifanya mbele ya mteja, na mteja anaangalia bei ya mashine.

Maana ya kurasa 120

Namba hiyo si ya uongo. Inatokana na kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO/IEC 24711, kinachotumia kurasa za mfano za kipimo kingine, ISO/IEC 24712. Maabara huchapa kurasa zilezile mfululizo, kwenye chumba chenye joto la nyuzi 23 hivi, mpaka wino uishe. Hakuna anayeizima printa siku nzima, hakuna likizo, hakuna vumbi la Septemba. Katika biashara ya printa makadirio ya kawaida ni kwamba wino utafunika kama asilimia 5 ya ukurasa, yaani kitu kinachofanana na barua fupi ya ofisi.

Mitihani ya Mwalimu ilikuwa mizito kuliko barua. Kichwa cha habari aliweka ndani ya boksi jeusi lenye maandishi meupe. Maswali yote yalikuwa kwa herufi nzito, kwa sababu watoto wengine wanakaa nyuma ya baraza na taa ni moja. Hayo tu yanaweza kupunguza kurasa za katriji kwa kiasi cha kuonekana.

Kisha tukafika kwenye picha, na hapo rangi ikaanza kujitokeza. Michoro ya sayansi, kama mmea na mizizi yake au viungo vya mwili, Mwalimu alikuwa akiipiga picha kwa simu kutoka kwenye kitabu na kuibandika kwenye mtihani. Macho yetu yanaiona picha hiyo kuwa mchoro mweusi kwenye karatasi nyeupe. Printa haioni hivyo. Picha ya simu iliyopigwa jioni ina mandhari ya kijivu kutoka ukingo hadi ukingo, tena kijivu chenye umanjano wa taa, na kila sehemu ya kijivu hicho inadai wino. Kwa kuwa printa ilikuwa imeachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida wa rangi, kijivu kilitengenezwa kwa kuchanganya samawati, waridi na njano. Tulichukua mtihani mmoja wa zamani, tukausogeza kwenye kamera ya simu na kuvuta karibu kadiri ilivyowezekana. Nyuma ya mzizi wa mharage, uliodhaniwa umechapwa kwa wino mweusi, palikuwa na vitone vya rangi tatu vilivyosambaa kama pilipili ya unga.

Mwalimu alicheka, kisha akauliza kwa nini mashine haimuulizi mtu kwanza. Mpangilio wa kuchapa kwa wino mweusi pekee upo, na wa rasimu unaotumia wino kidogo upo pia, lakini vyote vimefichwa kwenye dirisha la pili ambalo mtu hafungui. Ungekuwa wewe ndiye muuza wino, pengine ungeuficha hivyohivyo.

Swichi ya ukutani

Picha zinaeleza sehemu ya rangi. Sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikwenda kwenye usafi.

Printa ya wino hutoa matone kupitia matundu madogo sana kwenye kichwa cha kuchapia. Katika aina hii kichwa kimejengwa ndani ya katriji yenyewe: umeme unapasha moto wino kwenye tundu, povu la mvuke linatokea, tone linasukumwa nje. Wino ukikauka kwenye matundu, tone halitoki na maandishi yanatoka na mistari mitupu. Ili kuzuia hilo printa ina kituo chake pembeni, chenye mpira laini, ambapo katriji hupumzika zikiwa zimezibwa. Kila inapowashwa, na kila inapohisi imekaa muda mrefu, inaweza kumwaga wino kidogo ili kusafisha matundu. Wino huo unaishia kwenye sponji lililo tumboni mwa mashine.

Mwalimu anazima printa kwa swichi ya ukutani, kama anavyozima pasi, kwa sababu uniti za luku zinaisha haraka. Akisubiri kidogo baada ya kuchapa, katriji zinakuwa zimerudi zenyewe kituoni. Akizima upesi, au umeme ukikatika ukurasa ukiwa katikati, zinabaki wazi usiku kucha. Na umeme unaporudi printa inajisafisha. Uniti anazookoa ni ndogo mno: printa iliyolala ikitumia wati 2, mwezi mzima haifiki uniti 2. Wala hakuwa na haja ya kuchagua kati ya luku na wino, kwani inatosha kubonyeza kitufe cha printa kwanza, kusubiri itulie, ndipo kuzima ukutani.

Majira nayo yalimkuta vibaya. Tabora mvua huanza Novemba hivi, na Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya joto kali na hewa kavu, mchana nyuzi zaidi ya 30. Mtihani wa taifa wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kwa hiyo Mwalimu alichapa kwa nguvu Julai na Agosti, watoto wa la saba wakamaliza na kuondoka, baraza likapungua, na printa ikakaa bila kazi katika wiki kavu kuliko zote za mwaka. Alipoirudia kwa ajili ya darasa la nne ilichapa nusu herufi. Mjukuu wake wa sekondari, ambaye ndiye fundi wa nyumba, akabonyeza amri ya kusafisha kichwa. Haikufaa, akairudia. Akajaribu usafi wa kina, unaotumia wino mwingi zaidi, mara kadhaa jioni moja.

Katika printa hii amri hiyo haichagui. Inasafisha nyeusi na rangi zote kwa pamoja. Katriji ya rangi ambayo haikuhitajika ilimwagwa ili kuzibua nyeusi. Na kwa kuwa samawati, waridi na njano zimo kwenye katriji moja, moja ikiisha zote tatu zinatupwa. Shirika la walaji la Marekani, Consumer Reports, lilipopima printa za wino mwaka 2013 kwa kuchapa kidogo kidogo kama watu wafanyavyo majumbani, lilikuta modeli nyingi zinafikisha kwenye karatasi nusu ya wino wao au pungufu. Iliyobaki ilikwenda kwenye usafi na matunzo. Kwa hesabu ya Cheyo sioni ajabu.

Katriji nyeusi moja kati ya zile tano ilitupwa ikiwa na wino. Mjukuu alidhani imekufa. Katriji ya aina hii ikikauka mdomo, unaitoa na kuiweka dakika chache juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, sehemu ya matundu ikiangalia chini, kisha unaifuta taratibu. Mara nyingi inafufuka, na njia hii haili hata tone la rangi.

Ya Dubai

Kuna katriji nyingine ambayo daftari halikuiandika kwa sababu haikununuliwa Tabora. Kijana wa Mwalimu alipita Dubai, akaona namba inayofanana na ya mama yake kwa bei nafuu, akaileta. Printa ikaikataa. Baadhi ya watengenezaji hugawa dunia kwa kanda, na chipu iliyo kwenye katriji huiambia mashine imetoka kanda ipi. Hapakuwa na la kufanya, na sitalirefusha.

Biashara ilivyopangwa

Fundi mmoja wa kompyuta pale mjini hupenda kusema kwamba printa ndogo ni chambo. Makampuni yenyewe yanakaribia kusema hivyohivyo, kwa maneno ya suti. Januari 2024 Enrique Lores, akiwa mkurugenzi mkuu wa HP, alieleza katika mahojiano ya televisheni kwamba kila mteja anayenunua printa ni uwekezaji kwa kampuni, na asipochapa vya kutosha au asipotumia wino wao, uwekezaji huo ni mbaya. Mashine inauzwa kwa faida ndogo au kwa hasara, na pesa inarudi kupitia katriji.

Katriji nyeusi ya Mwalimu imeandikwa pembeni mililita 2. Kwa shilingi 45,000, lita moja ya wino huo ni shilingi milioni 22.5.

Nchi nyingine watu walipambana na hesabu hii kwa mikono yao. Indonesia mafundi walitoboa printa, wakapitisha mirija na kuiunganisha na chupa kubwa za wino zilizowekwa nje. Biashara hiyo ilishamiri hadi Epson ikaamua kutengeneza printa yenye matenki yake, na mauzo yakaanzia hukohuko Indonesia mwaka 2010. Canon na HP nao walifuata. Ndiyo maana leo hata Tabora ukiuliza ushauri utaambiwa: "Achana na katriji, nunua ya matenki."

Je, ya matenki ingemfaa?

Hapa natofautiana na ushauri wa mtaani, angalau kwa mtu mwenye kazi ya Mwalimu.

Kwa mwaka anahitaji kama kurasa 1,440: wastani wa watoto ishirini, kurasa mbili kila wiki, wiki 36. Steshenari humchapia orijino ya kurasa mbili kwa shilingi 500 kila ukurasa na kopi arobaini kwa shilingi 100. Ni shilingi 5,000 kwa wiki, yaani 180,000 kwa mwaka, au shilingi 125 kwa ukurasa. Faili analituma kwa WhatsApp, na mzigo anauchukua akitoka sokoni Jumamosi, kwa hiyo bodaboda hailipi.

Printa ya matenki aliyoulizia bei ilikuwa shilingi 550,000. Chupa ya wino mweusi ni 35,000, na imekadiriwa kurasa 4,500, karibu shilingi 8 kwa ukurasa. Weka karatasi shilingi 28, kwa rimu ya 14,000. Jumla 36. Wino ni wa bei ya kupumua, hilo halina ubishi. Lakini akiokoa shilingi 89 kwa ukurasa, lazima achape kurasa zaidi ya 6,000 ndipo bei ya mashine irudi. Kwake hiyo ni miaka minne na zaidi, na ndani ya miaka hiyo kuna Septemba nne. Katika printa nyingi za matenki kichwa hakikai kwenye chupa wala hakibadilishwi na kila wino mpya. Kikikauka, gharama si ya katriji tena. Lile sponji la wino mchafu nalo hujaa, na baadhi ya mashine hugoma kuchapa mpaka libadilishwe au hesabu yake irudishwe sifuri na fundi. Ya matenki ni mali ya mtu anayechapa kila siku: mwenye steshenari, ofisi ya mtaa, mpiga picha za paspoti.

Kujaza katriji kwa sindano tulikujadili pia. Kunawezekana, na wapo wanaofanya vizuri. Ila matundu ya aina hii yanaungua yakipasha moto bila wino, kwa hiyo katriji iliyochapa hadi ikakauka kabisa mara nyingi haipokei maisha ya pili. Anayetaka kujaza hujaza mapema. Mwalimu alisema mikono yake inatetemeka siku hizi na hataki wino kwenye kanga.

Ikabaki printa ya leza, inayotumia tona badala ya wino. Tona ni unga, na unga haukauki. Printa ikae kuanzia Septemba hadi Januari, itachapa ukurasa wa kwanza kama wa mwisho. Leza nyeusi iliyotumika, toleo la zamani la ofisini, aliambiwa shilingi 280,000. Kujaza tona kwa fundi ni 20,000 kwa kurasa kama 1,500. Pamoja na karatasi ni shilingi 41 kwa ukurasa, anaokoa 84, na mashine inarudisha bei yake baada ya kurasa 3,300 hivi. Kwa Mwalimu peke yake bado ni zaidi ya miaka miwili. Dosari yake ni umeme: sehemu inayoyeyusha tona kwenye karatasi huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na inveta ndogo ya sola aliyonayo kwa taa na redio haiwezi.

Walivyoamua

Mtaani hapo kuna walimu wengine wawili wa tuisheni, mmoja wa hesabu za sekondari na mwingine wa darasa la kwanza hadi la tatu, wenye idadi ya watoto inayokaribiana na yake. Watatu wakiunganisha kazi wanafika kurasa 4,300 kwa mwaka, na leza ileile inajilipa katika miezi tisa hivi. Walichanga, mashine ikawekwa kwa mwalimu wa hesabu kwa kuwa nyumba yake ina mlango wa chuma. Kila mmoja anakuja na karatasi zake na kuweka shilingi 30 kwa ukurasa kwenye kopo la tona na matengenezo. Ubishi uliobaki ni kuhusu karatasi zinazokwama au kutoka vibaya: mwalimu wa hesabu anataka zilipiwe kwa sababu tona imetumika, wawili hawa wanasema anayelipia ni mwenye mashine, naye anawakumbusha kwamba wenye mashine ni wao watatu. Mpaka waelewane wamekubaliana kuanza na kusoma namba ya kurasa kwenye ripoti ya printa kila Jumamosi, na Mwalimu ndiye anayeiandika daftarini.

Ile ndogo ya wino bado iko barazani. Haichapi, lakini inaskani bila katriji mpya, jambo ambalo si printa zote zinakubali. Anaitumia kuskani michoro ya vitabu vya sayansi badala ya kuipiga picha, na mandhari inatoka nyeupe.